Mama Mkwe na Maktaba ya Kujiazimia

Daktari alinikataza kuongea. Si kuongea kwa sauti tu. Hata kunong'ona alikataza, akisema kunong'ona kunaichosha sauti kuliko tunavyodhani. Walipokuwa wananitoa uvimbe wa tezi shingoni, mshipa unaoendesha sauti ulikuwa umeguswa, na ungehitaji muda kupona. Muda gani, hakujua. Niliitikia kwa kichwa. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nafundisha Kiswahili, na riziki yangu yote inapita kooni.

Nilirudi nyumbani Usa River nikiwa na bandeji shingoni na hofu ambayo sikuweza kumweleza mtu. Mume wangu anafanya kazi kwenye shamba la maua, anaondoka kabla hakujapambazuka, kwa hiyo mchana nilibaki peke yangu nikiwaza nitakachoambiwa shuleni. Shule yetu ni ndogo, ya usharika wa kanisa, iko upande wa Nduruma katikati ya mashamba ya mahindi na maharage. Walimu ni wachache na kila mmoja ana vipindi vya kumtosha. Sikuona wangemweka mwalimu bubu ili afanye nini.

Mwalimu mkuu alikuja kuniona na mfuko wa machungwa. Alikaa kwenye ukingo wa kochi kama mtu mwenye haraka, akanipa pole za walimu na za watoto, kisha akaniambia kwamba walishagawana vipindi vyangu.

"Hatutakuacha nyumbani, mwalimu," alisema. "Ukipata nafuu utakaa maktaba mpaka sauti irudi. Ile maktaba inahitaji mtu kuliko darasa la tano linavyokuhitaji."

Alipoondoka nililia. Nililia bila sauti, jambo ambalo ni gumu kuliko mtu anavyoweza kufikiri.

Maktaba yenyewe ilikuwa chumba kimoja kilichokuwa zamani stoo ya mahindi ya uji. Vitabu tulikuwa navyo, vingi vya kupewa, vimepangwa kwenye rafu za mbao. Tatizo lilikuwa namna ya kuviazimisha. Chumba kilifunguliwa Ijumaa mchana tu. Mwalimu wa zamu alikaa mezani, akaita jina la mtoto, mtoto akaja na kitabu, mwalimu akaandika, akauliza hiki, akakemea kile, na foleni ikajikunja hadi uwanjani. Kengele ya kwenda nyumbani ilipolia, nusu ya watoto walikuwa hawajafika mezani. Nilishakaa kwenye meza ile mara nyingi nikiwa na sauti yangu nzima, na nilitoka nimekauka koo. Bila sauti sikuona ningeanzia wapi.

Wazo lilinijia mjini, siku niliyokwenda kutolewa nyuzi. Nikiwa njiani kurudi niliingia supamaketi moja karibu na Kijenge kununua sabuni na mafuta. Tangu operesheni nilikuwa naogopa kununua kitu chochote. Sokoni Usa nilikuwa nimeshindwa kuuliza bei ya nyanya, na mama muuzaji, ambaye hakunijua, aliniona nina maringo. Lakini pale supamaketi binti aliyekaa kwenye mashine alivipitisha vitu vyangu juu ya kile kitaa chekundu, kila kimoja kikalia, bei ikatokea kwenye kioo, nikalipa, nikatoka. Hakuna aliyehitaji neno langu hata moja. Nilisimama nje na mfuko wangu nikijisikia mtu mzima tena, na hapo ndipo nilipofikiria watoto wa Nduruma na ile foleni.

Shuleni tuna mwalimu kijana anayefundisha kompyuta. Nilimwandikia ujumbe mrefu kwa simu, nikamweleza nilichokiona, nikamwuliza kama mtoto anaweza kupitisha kitabu mwenyewe akaondoka. Alinijibu siku hiyohiyo. Alisema zipo programu za maktaba za bure kabisa, na kwamba ile kompyuta ya kukunja iliyokuwa imelala kabatini ofisini bado ilikuwa nzima. Tulichokosa ni skana, yaani kile kifaa chenye kitaa chekundu, na lebo za mistari myeusi kwenye kila kitabu na kila kadi ya mtoto. Mwalimu mkuu akakubali skana inunuliwe. Msaidizi wake, baba mmoja mkali anayefundisha hisabati, alisema wazi kikaoni kwamba hapendi. Alisema mtoto asiyesimamiwa atabeba kitabu, kesho atabeba kingine, mwisho atabeba na rafu. Niliambiwa baadaye kwamba mwalimu mkuu alimjibu tujaribu muhula mmoja kwanza.

Wakati huo mama mkwe alikuwa ameshafika kwetu.

Alishuka kutoka kwake mlimani kuja kuniuguza, na mkungu wa ndizi, na maziwa kwenye dumu, na begi la nguo lililoonyesha kwamba hana nia ya kurudi upesi. Lazima niseme ukweli kuhusu mimi na yeye. Tulikuwa hatujawahi kugombana hata siku moja, lakini ni kwa sababu hatukuwa tumezungumza kiasi cha kufikia kugombana. Mimi natoka Singida. Yeye ni Mmeru wa hapohapo mlimani, mjane, ana kahawa yake na migomba yake, na nilijua kwamba alitarajia mwanawe aoe msichana wa usharika wao. Miaka yote aliniita "Mwalimu," kama mtu anavyomwita mgeni aliyekuja na mkaguzi. Akiwa na dada yake kwenye simu waliongea Kimeru, na mimi nilitoka nje nikajitafutia kazi.

Siku hiyo alipoingia nilipiga goti kidogo, nikaweka mkono kifuani badala ya shikamoo. Alinitazama, akasema, "Marahaba," kana kwamba ameisikia, akaenda moja kwa moja jikoni kumenya ndizi za supu ya mtori.

Siku za kwanza zilikuwa ngumu. Yeye alipika, mimi nikala. Yeye akafua, mimi nikaanika, maana alinikataza kukamua nguo. Simu yangu niliyoandikia watu ujumbe haikunisaidia kwake, kwa sababu herufi zile ndogo hakuziona na miwani yake ilikuwa imevunjika mkono. Tuliishia kuonyeshana kwa vidole. Jioni mume wangu aliporudi nyumba ilipata maneno, na alipolala yakaisha.

Kisha mwalimu wa kompyuta akaleta vitabu. Alivileta kwa bajaji vikiwa kwenye viroba, pamoja na karatasi zilizochapwa lebo, mkasi na selotepu, ili nianze kazi nyumbani kabla sijaruhusiwa kurudi shuleni. Nilitandaza mkeka sebuleni nikaanza kukata. Lebo ni ndogo, na nguvu zilikuwa bado hazijanirudia. Mama mkwe alisimama mlangoni akinitazama nikikata ya kwanza, ya pili, ya tatu ikapinda.

"Nipe huo mkasi," alisema.

Aliketi mkekani, akanyoosha miguu, akaanza kukata. Mimi nikabandika. Hatukuelewana hivyo kwa kupanga, ndivyo ilivyotokea tu, na tangu siku ile ikawa kazi yetu ya kila mchana baada ya vyombo kuoshwa. Alikata huku akifunua vitabu kutazama picha. Akikuta picha ya ng'ombe aliniambia huyo ng'ombe ana maziwa au hana. Akikuta picha ya bibi mwenye mkongojo aliguna kwamba wachoraji wanadhani bibi wote wana mkongojo. Polepole akaanza kusimulia. Alinisimulia jinsi yeye mwenyewe alivyoolewa, na mama mkwe wake alivyokuwa akipima maziwa kwa macho akijua kama kuna aliyeonja. Alinisimulia kuhusu mtoto wake wa kwanza, aliyefariki akiwa bado mchanga, jambo ambalo mume wangu alikuwa hajawahi kunitajia. Pengine ningekuwa na sauti ningemkatiza. Ningesema pole mama, ningeuliza swali la kiualimu, naye angeishia hapo. Kwa kuwa sikuweza, alisimulia mpaka alipotaka kuishia mwenyewe.

Mchana mmoja, akiwa ameinamia karatasi, alisema kitu ambacho nimekibeba tangu siku ile.

"Mimi nilidhani umeninyamazia. Miaka yote hii. Nilisema, huyu amesoma, hana la kuongea na mimi. Sasa nakuona hapa umenyamaza kweli, na uso wako unaongea wakati wote. Nikakumbuka kwamba hata zamani ulikuwa unaongea hivyohivyo. Mimi ndiye nilikuwa siangalii."

Hakuinua macho. Nami nilikuwa na ya kumjibu mengi: kwamba nilinyamaza kwa kuogopa kukosea, kwamba nilidhani yeye ndiye asiyenitaka. Nilifunua mdomo, yeye akatikisa kichwa kwa ukali akinionyesha shingo yangu. Basi nikamshika mkono, ule wenye mkasi. Akasema lebo haziwezi kujikata zenyewe.

Mwalimu wa kompyuta aliporudi na ile kompyuta na skana ili tujaribu, mama mkwe alivuta kiti chake mbali. Aliuliza kama kile kitaa chekundu hakidhuru macho. Akajibiwa hapana, mradi mtu asikielekeze usoni. Akatazama tukijaribu. Kadi ya mfano ikalia, kitabu kikalia, jina la kitabu likatokea kwenye kioo. Kitabu kingine kikagoma. Tukarudia, kikagoma. Yeye ndiye aliyesema kwamba selotepu inang'aa, tukiinamishe kidogo. Tulipokiinamisha kikalia, naye akacheka kicheko ambacho sikuwahi kukisikia kwake, cha msichana. Jioni ile hakutuachia tena skana. Alipitisha kila kitabu kilichokuwa mkekani, hadi kitabu chake cha nyimbo cha kanisani, ambacho nacho kwa bahati kilikuwa na mistari nyuma. Mashine ikajibu kwamba haikitambui, naye akasema ni afadhali, hicho si cha kuazimisha.

Niliruhusiwa kurudi kazini, nikiwa bado nimekatazwa kuongea. Tulipanga kufungua maktaba siku ya Jumatatu na darasa la tano. Mwalimu wa kompyuta ndiye angewaeleza watoto, mimi ningekaa pembeni. Mama mkwe alikuja tu kunisaidia kubeba viroba vya mwisho, halafu apande gari arudi kwake. Tulipofika tukakuta mwalimu wa kompyuta ametumwa halmashauri kupeleka fomu za watahiniwa wa darasa la saba, na hajui atarudi saa ngapi. Darasa la tano lilikuwa tayari limepanga mstari mlangoni. Na ndani, kando ya dirisha, alisimama yule msaidizi wa mwalimu mkuu, mikono nyuma, amekuja kuona.

Watoto waliingia, wakasema, "Shikamoo mwalimu," kwa pamoja, wakasubiri. Nilinyoosha mkono kwenye mashine, nikainua kadi, nikainua kitabu. Walinitazama kwa heshima na hawakuelewa kitu. Nikarudia: kadi, kitabu. Ndipo nilipomwona mama mkwe akiweka kiroba chini, anajifunga kanga kiunoni vizuri, anakuja mbele.

"Watoto, hamjambo," alisema. "Huyu mwalimu wenu amepasuliwa shingo. Anawasikia vizuri sana, ila hawezi kuwajibu. Kwa hiyo leo nitasema mimi."

Kiswahili chake ni cha mlimani, baadhi ya herufi anazibadilisha, na watoto wawili watatu walianza kucheka. Aliwatazama tu mpaka wakaacha. Kisha akawaeleza, kwa utulivu, kama anayefundisha kukamua ng'ombe. Kila mtoto ana kadi yake kwenye sanduku lile, imepangwa kwa darasa. Sheria ni kadi kwanza, kitabu baadaye. Ukianza na kitabu, mashine haijui ni nani anayekichukua, itanyamaza, na ikinyamaza na wewe usiondoke. Kisipolia, kiinamishe kidogo. Kikilia, tazama kioo kama ni jina lako, halafu nenda ukasome. Siku ya kurudisha, unapitisha kitabu peke yake, unakiweka kwenye boksi.

Mtoto mmoja wa nyuma aliuliza, "Bibi, na mtu akiiba?"

"Aibe kitu anachopewa bure?" alisema mama mkwe. "Huyo atakuwa na shida nyingine. Mwambieni aje kwa mwalimu."

Nilimtazama msaidizi wa mwalimu mkuu. Alikuwa ameinamisha kichwa, sikujua kama anatabasamu au anakunja uso.

Wa kwanza kuja mezani alikuwa binti mmoja mpole ambaye darasani kwangu alikuwa hajawahi kunyoosha mkono. Alitafuta kadi yake, akaipitisha, ikalia. Akapitisha kitabu, kikagoma. Akakiinamisha, kikalia. Akaangalia kioo, akasoma jina lake polepole, akatazama kitabu alichoshika, akatoka nje bila kumwomba mtu ruhusa. Nilikuwa nimemfundisha muda mrefu na sikuwahi kumwona akitembea vile. Kengele ilipolia, darasa lote lilikuwa na vitabu na foleni ilikuwa imeisha muda mrefu.

Mama mkwe hakupanda gari siku ile. Alisema darasa la nne nao wanahitaji kuelezwa, akalala kwetu tena. Baada ya hilo likaja darasa la sita, na kila darasa alilieleza upya tangu mwanzo kama vile ndilo la kwanza. Watoto waliokuwa uwanjani walimwigiza, "kadi kwanza, kitabu baadaye," wakipitisha mawe kana kwamba ni kadi. Mpaka leo hakuna anayesema mashine imeharibika pale shuleni, wanasema imenyamaza.

Mambo hayakwenda sawa yote. Umeme ulikatika mara nyingi, na betri ya kompyuta ile imechoka, kwa hiyo kuna siku tulirudi kwenye kalamu. Kadi zilipotea, nyingine zikafuliwa mfukoni mwa sare. Wapo watoto waliotoka na vitabu bila kuvipitisha, wengi kwa kusahau, wachache si kwa kusahau. Mwalimu wa kompyuta akaisogeza meza hadi mlangoni ili mtu asiweze kupita bila kuikumbuka. Vipo vitabu ambavyo havijarudi, na sidhani kama vitarudi. Lakini viko pia vilivyorudi ambavyo hatukuviazimisha sisi, vya miaka ya nyuma, vimechakaa, vimewekwa kwenye boksi asubuhi kabla ya mtu kufika. Nadhani zamani walioshindwa kuvirudisha walikuwa wanaiogopa ile meza na maswali yake. Nilivikusanya, nikavibandika lebo.

Wiki chache baadaye yule msaidizi wa mwalimu mkuu alikuja maktaba akiwa amebeba sanduku la mbao alilolitengeneza mwenyewe nyumbani, lina mdomo wa kutumbukizia vitabu na mlango nyuma. Alisema boksi letu la karatasi linaaibisha shule. Aliliweka, akalisukuma kuona kama linayumba, akaondoka. Nilimkimbilia mlangoni, nikamshukuru kwa kuinama. Akasema si kitu, mbao zilikuwa zimebaki.

Sauti yangu ilirudi kidogo kidogo, na haikurudi yote. Asubuhi ni nzuri, mchana inakwaruza. Nimerudi darasani kwa vipindi vichache, navyo vyote nimepangiwa asubuhi, bila mimi kuomba. Maktaba iko wazi kila siku, niwepo nisiwepo. Nikiwa darasani nausikia mlio wa mashine kupitia ukutani, na watoto wangu hawageuki tena kutazama.

Mwalimu mkuu alimtengenezea mama mkwe kadi, ya kwake kabisa, yenye jina lake. Tulimtengenezea miwani pia. Anashuka siku za soko, anapita shuleni, anajiazimia vitabu vya wajukuu walioko kwa shemeji yangu, vile vyenye picha na herufi kubwa. Huwa hanisubiri nimalize kipindi. Najua amepita pale tu watoto wanaponiambia, "Mwalimu, bibi alikuja."

Krismasi iliyopita tulipanda mlimani sote. Kahawa ilikuwa imeshachumwa, nyumba imejaa ndugu. Alasiri nilikuwa naye jikoni, yeye amekaa kwenye kigoda na kitabu mapajani, wajukuu wawili wamemwegemea, anawasomea. Anasoma taratibu, kidole kiko chini ya neno, na akifika kwenye picha anaacha maandishi na kusema ya kwake. Mimi nilikuwa jikoni mwake kwa mara ya kwanza bila mtu kuniambia nikapumzike sebuleni.

Nilisubiri watoto watoke. Nilikuwa nimejiandaa siku nyingi, na sauti niliitunza tangu asubuhi. Nikamwambia asante kwa mtori, kwa mkasi, kwa siku ile ya darasa la tano. Nikamwambia na yale niliyotaka kumjibu siku ile mkekani, kwamba nilikuwa nanyamaza kwa kumwogopa.

Alinisikiliza hadi mwisho. Hakunikatiza.

"Najua, mwanangu," alisema. Kisha akaniambia nigeuze ndizi zilizoko motoni, zilikuwa zinashika upande mmoja.